Barafu ya ziwani isije ikatugeukia sumu

Wavuvi wa Port Victoria hawahitaji kuhubiriwa faida ya barafu. Mtu aliyeingia ziwani usiku kutoka Marenga au Sisenye, akavuta nyavu hadi alfajiri na kurejea ufuoni na mbuta wake, anajua kwamba asipopata barafu mapema, bei haitakuwa yake tena bali ya mchuuzi. Ndiyo sababu kila mwanasiasa anayefika katika fuo hizi, kuanzia Budalang'i hadi Migori, huahidi mtambo wa barafu au chumba cha baridi, na ndiyo sababu hushangiliwa. Nami nashangilia. Hata hivyo, lipo swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika sherehe hizo: utepe ukishakatwa na magari ya wakubwa yakaondoka, ni nani atakayebaki ameshika spana?

Siulizi kwa kebehi. Mtambo wa kugandisha samaki si jokofu la nyumbani. Jokofu la nyumbani lina gesi ya kupimwa kwa gramu, nayo imefungiwa ndani tangu kiwandani. Katika mitambo mikubwa gesi hupimwa kwa mamia au hata maelfu ya kilo, na duniani kote gesi inayopendelewa kwa kazi hiyo ni amonia. Ni rahisi kwa bei, hufyonza joto vizuri kuliko nyingi za wenzake, na haidhuru tabaka la ozoni. Lakini amonia hupenda maji kupita kiasi, na mwili wa binadamu una maji machoni, kooni na mapafuni, nako ndiko inakokimbilia ikipata mwanya. Ikivuja ikiwa kioevu, lita moja hufuka na kuwa gesi ya zaidi ya lita 800. Kwa kawaida ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu, ila katika hewa yenye unyevu kama hii yetu ya ziwani yaweza kugeuka ukungu mweupe unaotambaa chini, usawa wa pua ya mtu.

Watakaoufikiwa kwanza na ukungu huo si wenye viwanda. Pale Kisumu, mtaa wa Obunga umepakana na eneo la viwanda, na kina mama wa huko wamelea watoto kwa kukaanga mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo. Viwanda vya minofu vimepungua kadiri mbuta walivyopungua ziwani, lakini kiwanda kinachoyumba kwa kukosa samaki ndicho cha kuogopwa zaidi, kwani matumizi ya kwanza kupunguzwa ni ya matengenezo.

Maafa ya amonia si hadithi za mbali. Mnamo Machi 24, 1992, tangi la amonia lilipasuka katika kiwanda cha mafuta ya karanga jijini Dakar, Senegal, na watu 129 wakafa. Tangi hilo lilikuwa limewahi kupata ufa likachomelewa, na juu ya hayo likajazwa kupita kiasi chake. Kuchomelea na kujaza kupita kiasi ni mambo ambayo msomaji yeyote ameyaona katika gereji ya mtaani kwake.

Kisa cha pili kitaeleweka zaidi na wakazi wa Kisumu kwa kuwa kinahusu umeme kupotea. Mwezi Agosti 2010, katika ghala la vyakula vilivyogandishwa huko Theodore, Alabama, Marekani, umeme ulikatika kwa zaidi ya saa saba. Uliporudi, mtambo uliwashwa upya bila utaratibu uliostahili. Gesi ya moto ikakutana na kioevu baridi ndani ya bomba, mshindo ukalipasua, na kilo zipatazo 14,500 za amonia zikatoka. Zaidi ya watu 150 waliugua, wengi wao wafanyakazi waliokuwa ng'ambo ya mto, wasiohusika kamwe na ghala hilo. Yote hayo yalitokea katika nchi ambako umeme kupotea kwa saa saba ni habari ya gazetini. Kwetu ni jioni ya kawaida, na kwa hiyo kuwasha mtambo upya ni kazi ya kila mara. Je, mlinzi wa zamu ya usiku ameandikiwa popote utaratibu wa kufuata, au anabonyeza kitufe na kumwomba Mola?

Hapa ndipo nalaumu desturi yetu ya kumwita fundi yeyote. Fundi wa majokofu ya mjini ni mtu wa heshima katika kazi yake, lakini amezoea mabomba ya shaba, na amonia huila shaba na kuidhoofisha. Mabomba yake ni ya chuma. Isitoshe, mafuta ya kompresa hutuama chini ya mtambo wa amonia, na lazima yamwagwe mara kwa mara. Mafundi wengi duniani wameumia katika kazi hii inayoonekana ndogo: vali hufunguliwa, mafuta mazito huziba, mtu huifungua zaidi, kisha amonia hufyatuka kwa ghafla. Dawa yake ni vali inayojifunga yenyewe pindi mkono unapoiachia. Si kifaa cha ajabu, wala bei yake haiwezi kulinganishwa na ya kompresa.

Wanaotumia gesi za jamii ya freoni wasijione wamepona. Gesi hizo nyingi hazina harufu, ni nzito kuliko hewa, na zikivuja katika chumba kilichofungwa hutwaa nafasi ya hewa. Mtu huanguka bila kujua kilichomwangusha. Angalau amonia hupiga kelele kwa harufu yake.

Niliwahi kuzungushwa katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, nikaomba kuona barakoa ya gesi. Ilikuwapo, tena mpya, imefungiwa kabatini katika ofisi ya meneja. Ufunguo alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa Nairobi.

Tunayo sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pakaguliwe kiusalama angalau mara moja kila miezi 12, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Lakini mtambo wa barafu wa ufuoni huendeshwa na watu watatu au wanne. Haufikii idadi ya kuwa na kamati, na mkaguzi naye huelekea kwanza penye viwanda vikubwa.

Wapo watakaosema kwamba nawakatisha tamaa wavuvi, na kwamba masharti yakizidi mitambo haitajengwa. Nawakumbusha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ambako Norway ilitujengea kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa siku chache tu kikafungwa, kwa kuwa gharama ya kukiendesha ilizidi faida ya samaki. Hakuna aliyewekewa masharti mengi pale. Hesabu ya kesho ndiyo iliyosahaulika. Hapa kwetu NITA ina kituo Kisumu, na vyuo vya ufundi vipo. Kaunti zote 5 za ufuoni zingeweza kugharimia kwa pamoja mafunzo ya mafundi wachache wa mitambo ya baridi, kila mmoja akapewa fuo zake za kuzizungukia na daftari la kuandika alichokikuta.

Wawakilishi wa wadi wanapoletewa makadirio ya bajeti, wautafute ukurasa wa mtambo wa barafu. Waulize ni kiasi gani kimetengwa kwa vali, mafuta, barakoa na mshahara wa fundi, si kwa mwaka wa ufunguzi pekee bali kwa wa pili na wa tatu pia. Iwapo nafasi hiyo imeachwa tupu, karatasi irudishwe kwa waziri wa kaunti aliyeileta, ajaze, ndipo waipitishe.