Heri Inapogeuka Majuto

Miaka ya nyuma, Oktoba ilipokaribia, maduka ya vitabu na vibanda vya mitaani nchini Kenya vilijaa kadi za kuwatakia heri watahiniwa wa kidato cha nne. Nyingine ukizifungua ziliimba. Shangazi alinunua moja, akaazima kalamu ya mwenye duka na, chini ya maneno yaliyochapishwa, akaongeza yake: "I wish you pass your exams."

Mwalimu wa Kiingereza angeiona angecheka, na huenda angedai shangazi hakusoma. Angemwonea. Shangazi amefuata sarufi barabara, ila ni ya Kiswahili. "Nakutakia" hupokea nomino, kama "nakutakia heri", na hupokea kitenzi vilevile: "nakutakia upone haraka". "Wish" haina ukarimu huo. Ukimwombea mtu mema, hufuatwa na nomino: "I wish you success", "I wish you a quick recovery". Anayetaka kitenzi aiache "wish", achukue "hope": "I hope you pass."

Kosa la shangazi angalau linaeleweka. Balaa ni pale mtu anapojisahihisha na kuandika "I wish you passed." Hapo "wish" imekuwa "laiti": laiti ungefaulu! Mtahiniwa hajaketi hata kwenye dawati, tayari anasikitikiwa.

Tofauti hiyo Mswahili anayo mdomoni tangu utotoni. Hawezi kuchanganya "natumaini utafaulu" na "laiti ungefaulu". Lakini shuleni heri za Kiingereza hukaririshwa kama orodha, "get well soon" hapa, "safe journey" pale, bila kulinganishwa na lugha ambayo mwanafunzi ameamka nayo. Ndiyo maana "hongera kwa" huzaa "congratulations for", ilhali Kiingereza sanifu hutaka "on".

Kuagana hakusumbui sana. "Goodbye" yenyewe ilianza kama dua, Mungu awe nawe, ikafupishwa vinywani. "Kwaheri" nayo imebeba heri yake. Na "good night", kama "usiku mwema", ni ya anayeondoka au anayekwenda kulala. Anayebisha hodi saa mbili usiku aseme "good evening".

Kisha kuna "pole na kazi", ambayo Kiingereza hakina kabisa. Anayemwambia bosi mgeni "sorry for the work" ajiandae kuulizwa ni kazi gani hiyo iliyoharibika.