Mgeni Rasmi Hajasoma Kitabu

Kila anayejua kwamba naandika riwaya ana ushauri wa kunipa, na ushauri wenyewe ni mmoja: andika hadithi zako, siasa waachie wanasiasa. Wanautoa kwa mapenzi, kama wanaokuonya usipite njia yenye mbwa mkali. Wasomi nao wameupamba kwa maneno mazito, wanauita usafi wa sanaa. Mimi nauita uongo, na ushahidi uko kwenye sherehe zetu wenyewe za vitabu.

Nenda kwenye uzinduzi wa kitabu Dar es Salaam. Kadi inasema saa nne asubuhi, lakini shughuli haianzi mpaka mgeni rasmi afike, na mgeni rasmi ni waziri, au mkuu wa mkoa, au mtu aliyetumwa na waziri kwa kuwa waziri amepata udhuru. Kila anayeshika kipaza sauti anaanza kwa kutaja vyeo vya meza kuu. Mwenye huruma anasema itifaki imezingatiwa. Risala inasomwa. Utepe unakatwa. Nakala ya kwanza inanadiwa, mheshimiwa anainunua kwa bei ambayo hakuna msomaji aliyewahi kuilipa, kisha anampa msaidizi wake aishike. Inafuata hotuba: nusu saa ya mafanikio ya serikali, dakika moja ya kuwahimiza vijana wasome. Na mwandishi? Anaitwa mwishoni, watu wameshaanza kuangalia walipo wapishi, na MC anamnong'oneza asiingie kwenye siasa.

Siasa imekaa mbele tangu asubuhi, imetandikiwa kitambaa cheupe na kuwekewa maji ya chupa. Anayekatazwa kuigusa ni yule aliyeandika kitabu.

Basi tusidanganyane. Kinachochukiwa ni siasa isiyopiga makofi. Ile inayopiga makofi haijawahi kuitwa siasa. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawataka walieneze Azimio la Arusha. Mshairi Mathias Mnyampala akaja na ngonjera zake, zikakaririwa mashuleni, na hao walinzi wa usafi wa sanaa hawazitaji kamwe kama mfano wa sanaa iliyochafuka. Mwalimu huyohuyo alitafsiri mchezo wa Shakespeare ambamo wakubwa wa Roma wanamchoma visu mtawala wao. Ulichapishwa 1963, yeye akiwa mkuu wa nchi. (Jaribu wewe, usiye na Ikulu, kuandika mchezo wa namna hiyo.) Ng'ambo ya mpaka, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakashinda tuzo ya fasihi. Tuzo yenyewe iliitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Ndugu wa washauri wangu ni wale wanaosema wanakwenda sinema kupumzisha akili. Sawa, kapumzike. Lakini chukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Yasmin, aliyeozwa akiwa binti mdogo, anamkimbia mumewe mzee. Anampenda Denge, anayesakwa na polisi wa Mwingereza kule Unguja. Nikatie hapo, ndugu mtazamaji: mapenzi yanaishia wapi, siasa inaanzia wapi? Ile ndoa tu ni siasa tosha, kabla polisi hajabisha hodi. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, haina haja ya waziri wala chama. Ina baba mlevi na binti aliyebanwa mno nyumbani. Ikapigwa marufuku mashuleni.

Serikali yetu, kwa upande wake, haijawahi kuamini kwamba hadithi ni burudani tu. Ingeamini hivyo isingetunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza mwaka 1976 na kuweka bodi ya kukagua kabla raia hajaona. Wakaguzi wanajua nguvu ya hadithi. Wasiojua ni wasomaji wetu.

Zipo riwaya za siasa zisizosomeka, hilo nalikubali bila kubanwa: fisadi ana kitambi kuanzia ukurasa wa kwanza, mkombozi ana sauti ya mkutano wa hadhara, na mnyonge hafanyi lolote ila kulia. Nimezisoma, baadhi sikuzimaliza. Lakini kilichoziua ni uvivu wa kumtazama mtu, na uvivu huohuo umeua riwaya za mapenzi nyingi zaidi, wala hakuna anayetuambia tuache kuandika mapenzi.

Mhusika wa riwaya ninayoiandika sasa ni konda wa daladala. Alizoea Barabara ya Morogoro, akaondolewa mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016. Nauli anayoidai imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri. Jioni anahesabu hela ya tajiri, kisha anatenga ya trafiki. Mke wake anataka kujua kwa nini ya nyumbani haifiki. Wanaonitaka niiache siasa waniambie ni kipi kati ya hivyo nikifute, na konda wangu amjibu nini mkewe.