Uvivu Usio wa Jicho

Jina la "jicho vivu" limezoeleka hata katika vyumba vya kliniki, nalo linapotosha. Mara nyingi jicho linalotuhumiwa halina kasoro ya kuonekana: lenzi ni angavu, retina ni nzima. Mhudumu humulika kwa tochi, hukuta kila kitu ni sawa, na mtoto hurudishwa nyumbani. Tatizo liko kisogoni, katika sehemu ya ubongo inayopokea na kufasiri taarifa za macho.

Mtoto hazaliwi akiwa amekamilika kuona. Ubongo hujifunza, na katika miaka ya mwanzo macho mawili hushindania nafasi humo. Jicho moja likileta picha hafifu, ama kwa makengeza, ama kwa kuhitaji miwani yenye nguvu tofauti sana na ya mwenzake, ama kwa mtoto wa jicho, ubongo hulipuuza. David Hubel na Torsten Wiesel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifunga jicho moja la paka wachanga. Lilipofunguliwa, seli chache mno za ubongo ziliitikia jicho hilo. Paka wakubwa hawakupata madhara hayo.

Kwa hiyo, kuhesabu upasuaji wa mtoto wa jicho kwa mtoto mchanga kuwa umekamilika siku bandeji inapofunguliwa ni kosa. Njia ya mwanga imesafishwa. Ubongo bado haujafundishwa. Miwani na kuziba jicho lenye nguvu kwa saa zilizopangwa ndiyo nusu ya pili ya tiba, na nusu hiyo huachwa mikononi mwa mama asiyeelezwa kitu. Humwona mwanawe amezibwa jicho zuri, analia, anajikwaa, akaibandua plasta. Huitwa mkaidi, ilhali hakuna aliyemwambia kwamba anayetibiwa ni ubongo.

Ukaguzi wenyewe ni mwepesi: kupima kwa chati, jicho moja moja, kabla ya darasa la kwanza. Akitumia macho yote mawili, mtoto huyo husoma ubaoni bila taabu, na mwalimu hana cha kushuku. Baada ya miaka saba hivi mafanikio hupungua, lakini hayakomi. Baadhi ya watoto wakubwa hunufaika bado, wala hawastahili kuambiwa wamechelewa kabla ya kujaribiwa.