MWENYE KUANGALIA, NI MVIVU?

Leo ninataka kusema neno juu ya desturi moja ya darasa zetu ambayo mimi ninaona haifai.

Mwanafunzi akisimama karibu na mwenzake anayefanya hesabu, ama karibu na seremala anayepanga mbao, mara moja anaambiwa: "Unaangalia nini hapo? Kamata kalamu, andika!" Kwetu kusoma ni kuandika yaliyo kwenye tablo, basi. Mwenye kuangalia anahesabiwa sawa na mtu aliyelala. Mimi ninakataa. Kuangalia ni kazi, tena ni kazi ya ubongo.

Hatuna lazima ya kwenda mbali. Twende kwa Wagenya, hapa hapa Kisangani, kwenye maporomoko ya mwisho katika yale saba ya Boyoma. Mnajua namna wanavyofanya: wanasimamisha miti mikubwa ndani ya mashimo ya mawe, wanaifunga kwa kamba za pori, halafu wanatundika vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana, vikielekea maji yanayoshuka kwa nguvu. Nani aliwafundisha? Hakuna kitabu, hakuna tablo. Mtoto anakaa mtumbwini, anaangalia baba na wajomba: mguu unawekwa wapi, mwili unainama saa gani, kamba inavutwa namna gani. Baadaye anapewa kazi kidogo, kushika kamba ama kupiga kafi. Na sisi wenye unifomu tunasemaka kwamba hawa hawakusoma! Ninyi mtieni mtu wa diploma kubwa juu ya miti ile, maji yakivuma chini yake, njo tutaona nani amesoma.

Sasa, ndani ya kichwa cha mtoto yule kunapita nini? Mwaka wa 1992, mjini Parma katika Italia, Bwana Rizzolatti na wenzake walikuwa wakichunguza ubongo wa nyani. Waliona seli fulani zinazofanya kazi nyani akikamata kitu kwa mkono wake. Jambo la ajabu ni hili: seli zile zile ziliamka pia wakati nyani alipotulia na kumwangalia mtu akikamata kitu. Mkono haukutikisika, lakini ubongo ulikuwa kazini. Wakaziita seli za kioo. Kweli watu mingi walizidisha maneno, wakadai seli hizi zinaeleza kila kitu, na wataalamu wangali wanabishana. Lakini jambo lenyewe lilionekana.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Mwaka wa 2016 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wa kifafa ambao waganga walikuwa wamewatia nyuzi nyembamba sana ubongoni, kwa kutafuta mahali ugonjwa unapoanzia. Wagonjwa hao walicheza karata, na mara nyingine waliangalia wengine wakicheza. Nyuma ya paji la uso, ndani, pale pande mbili za ubongo zinapotazamana, kuna seli zilizokuwa zinapima tofauti: mimi niliwaza mwenzangu atapata nini, na yeye amepata nini kweli. Mnasikia? Ubongo hauchukui picha tu kama mashine ya foto. Unakisia kwanza, halafu unangoja matokeo ya mwenzako, halafu unajisahihisha. Karata ameipoteza yeye, na faida tumeipata sisi.

Sasa tazameni tunavyofanya darasani. Mwanafunzi anaitwa mbele kufanya hesabu. Mstari wa tatu anakosa alama ya kutoa. Wote tunacheka. Mwalimu anafuta haraka, anamrudisha kwenye kiti, anaandika jibu zuri, na sisi tunakopia. Kwa ubongo wetu hiyo ni hasara kabisa! Kosa lile lilikuwa somo la watu hamsini, na limekwenda na vumbi la chaki. Anayecheka ndiye anajinyima, maana wakati wa kucheka hakisii kitu.

Wengine watanijibu: "Vizuri, basi tukae tu, tuangalie." Hapana. Mwaka wa 2005 kule London walichunguza wacheza ngoma wa aina mbili, wa balee na wa kapoera, hii ngoma ya mapigano ya Brazili. Kila mmoja alionyeshwa filamu za ngoma zote mbili. Ubongo wake uliitika kwa nguvu zaidi akiona ile ngoma ambayo mwili wake umeizoea. Maana yake, macho ya aliyekwisha kugusa yanaona zaidi kuliko macho ya mgeni. Wagenya hawakungoja London. Njo maana mtoto anapewa kamba mapema.

Na msiseme tena kwamba bila mwalimu kutuelekea hatuwezi kupata kitu. Bonobo, sokwe hawa wanaoishi porini katika nchi yetu tu, ng'ambo ya kushoto ya mto, wametoa mfano. Jike mmoja wa kwetu, Matata, alipelekwa Marekani, akafundishwa kwa bidii alama zenye maana ya maneno. Alishindwa. Lakini kitoto alichokilea, Kanzi, aliyezaliwa mwaka wa 1980, alikuwa akicheza pembeni, hakuna aliyemfundisha. Siku Matata alipoondolewa, wakakuta mtoto anazijua alama.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, nayo hayana bei. La kwanza kwa waalimu wetu: aliyeko kwenye tablo aachwe amalize, hata amekosa, na sisi tunyamaze, kila mtu aandike pembeni anavyokisia mstari unaofuata, kabla ya kusahihisha. La pili ni juu ya kemia. Meza ya majaribio ni moja, na wanaoona ni viti viwili vya mbele tu. Wengine wanasikia harufu. Tubadilishane: juma moja wa nyuma waje mbele na washike chupa wenyewe, juma lingine wa mbele warudi nyuma. Wakubwa wa darasa wanaweza kupanga zamu hiyo kuanzia Jumatatu.