Mwambieni mgonjwa kabla dawa haijamwambia

AFYA NA UTU
Na Rehema Msuya

Kijana ametoka hospitali na mfuko wa vidonge. Sauti zilizokuwa zikimsumbua zimepungua, usiku analala, na mama yake ameanza kupata ahueni. Siku ya tatu shingo inampinda upande mmoja, taya linakaza, macho yanapanda juu na hayashuki. Anadhani anakufa. Jirani anasema mashetani yamerudi kwa hasira, mjomba anatoka kutafuta mtu wa kumsomea, na vidonge vinatupwa jalalani kwa sababu kila aliyekuwepo ameona kwa macho yake kwamba hospitali imeshindwa.

Kilichompata kijana huyo kinafahamika vizuri. Ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa za kutibu saikosisi, hasa za zamani kama haloperidoli. Kwa kawaida hutokea siku chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Unatisha, lakini una tiba: sindano ya kuupinga, au vidonge ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Artane, hulegeza misuli, na sindano mara nyingi hufanya hivyo ndani ya nusu saa. Mhudumu angetumia dakika mbili tu kumweleza mama jambo hilo pale dirisha la dawa, familia nzima ingejua kwamba pa kukimbilia ni kituo cha afya kilicho karibu.

Nimekuwa nikizungumza na familia zinazouguza watu wenye maradhi ya akili, na lalamiko linalojirudia ni hili: hatukuambiwa. Ndiyo maana nasema leo kwamba kumficha mgonjwa madhara ya dawa ni kosa la tiba. Anayefichwa huyagundua mwenyewe, akiwa peke yake, na uamuzi anaoufikia mara nyingi ni kuacha.

Nisieleweke vibaya. Dawa hizi zimeokoa watu. Mwaka 1952, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris walianza kuwapa wagonjwa wao klorpromazini, ambayo kwetu wengi waliijua kama Largactil. Watu waliokuwa wakifungwa kamba na kufungiwa vyumbani wakaanza kuzungumza na ndugu zao. Uchambuzi wa majaribio 65 uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika mwaka mmoja, kati ya kila wagonjwa 100 wa skizofrenia walioendelea kutumia dawa, 27 walirudiwa na ugonjwa, ilhali miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani walirudiwa 64 kati ya 100. Anayesoma makala hii akiwa kwenye dawa asiache leo. Kuacha ghafla ni hatari yenyewe.

Hata hivyo watu wanaacha, na wanaacha kwa wingi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia kwa miezi 18. Asilimia 74 waliacha dawa waliyoanza nayo kabla ya muda huo kwisha. Wengine haikuwasaidia vya kutosha, wengine walishindwa na madhara, na wengi waliamua wenyewe. Hao walikuwa na madaktari waliowafuatilia kwa karibu. Mgonjwa anayeruhusiwa kutoka Mirembe, Dodoma, akarudi kijijini kwao Kigoma, nani anamuuliza mwili unasemaje?

Liko dhara moja ambalo hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wenyewe. Mgonjwa hawezi kutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatembea, miguu haimpi raha, ndani anahisi kuwashwa na jambo asiloweza kulitaja. Mama anamwambia muuguzi, "Nesi, mwanangu halali, anazunguka tu." Jibu linakuja haraka: "Basi mama, tutamwongezea dozi." Dozi ikiongezwa, mateso yanazidi, kwa kuwa dawa ndiyo iliyoyaleta. Wapo waliofikia kutamani kufa kwa hali hiyo. Kumtofautisha mtu huyu na aliyerudiwa na ugonjwa kunahitaji swali moja jepesi: alianza lini kuzunguka, kabla ya dawa au baada yake?

Sababu ya hayo yote iko kwenye ubongo. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kemikali iitwayo dopamini, na hapo ndipo sauti na shuku hupungua. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kujongea. Kwa hiyo mikono hutetemeka, uso hukosa mwondoko, hatua huwa fupi na mate huchuruzika. Mtaani watasema amekuwa zezeta, kumbe akili yake iko timamu na dozi ndiyo imezidi. Kwa waliotumia dawa miaka mingi, midomo na ulimi vinaweza kuanza kutafunatafuna bila hiari, na hali hiyo wakati mwingine haiondoki. Ikionekana mapema kuna nafasi ya kuchukua hatua, na wanaomtazama mgonjwa kila siku ni watu wa nyumbani kwake.

Halafu kuna homa. Kwetu mtu akichemka, wazo la kwanza ni malaria. Lakini mgonjwa aliye kwenye dawa hizi akipata homa kali, mwili ukakakamaa kama ubao, akatokwa jasho jingi na kuanza kuchanganyikiwa, huenda ana tatizo la nadra linaloweza kumuua kwa siku chache. Huyo si wa kununuliwa dawa mseto na kulazwa nyumbani. Asipewe dozi inayofuata mpaka daktari amwone, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, vidonge vyake vikiwa mkononi.

Madhara mengine yanafichwa na aibu. Mwanamke hedhi inakatika na matiti yanatoa maziwa, naye hana mimba. Mume anaanza kuuliza maswali na ndoa inatikisika. Mwanamume nguvu zinapungua, hamwambii mtu, anaacha vidonge kimyakimya. Haya pia yana maelezo ya kitabibu, na mara nyingi yana njia: kupunguza dozi au kubadili dawa. Daktari ndiye anayepaswa kuyataja kwanza. Kijana wa miaka 25 hawezi kuanza yeye mazungumzo hayo mbele ya baba yake.

Dawa mpya zaidi, kama olanzapini, hazikakamazi misuli sana, lakini huongeza hamu ya kula na uzito, na kisukari hufuata nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na wengi wao wanauawa na maradhi ya mwili yanayoweza kuzuilika. Kwa hiyo mizani, kipimo cha presha na kipimo cha sukari ni sehemu ya tiba ya akili. Mgonjwa anayechomwa sindano ya kila mwezi miaka mitano bila kupimwa uzito hata mara moja ametelekezwa, hata kama kadi yake imejaa mihuri.

Nyumbani nako tuna tabia ya kuiacha: kumtilia mgonjwa dawa kwenye chai au uji bila yeye kujua. Najua inatokana na kukata tamaa, na siwalaumu mama wanaofanya hivyo usiku wa manane wakiwa wamechoka. Lakini mtu asiyejua anameza nini hawezi kueleza kinachompata, na siku akigundua, hataamini tena chakula cha nyumbani kwake. Kwa mtu ambaye tayari ugonjwa unamwambia watu wanataka kumdhuru, tutakuwa tumempa ushahidi.

Baadhi ya wahudumu huniambia kwamba mgonjwa akielezwa haya yote atakataa dawa. Naelewa hofu yao, na ni kweli wapo watakaokataa. Lakini historia ya klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, inatufundisha vingine. Mwaka 1975 nchini Finland, dawa hiyo ilihusishwa na vifo vya wagonjwa ambao chembe nyeupe za damu yao zilikuwa zimeporomoka, na nchi nyingi zikaiweka kando. Mwaka 1989 Marekani iliiruhusu kwa sharti la kupima damu kila wiki. Leo ndiyo dawa inayotegemewa pale nyingine zinaposhindwa, na anayeitumia hufundishwa kwamba akipata homa au koo likimuuma, akapimwe damu upesi. Hatari yake iliwekwa wazi, ikahesabiwa, ikatafutiwa ulinzi, na kwa njia hiyo dawa ikawafaa watu.

Yanayotakiwa hayahitaji mabilioni. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi itolewe pamoja na vidonge, kwa sababu maelezo yaliyomo kwenye boksi mara nyingi ni ya Kiingereza. Bohari ya Dawa ihakikishe kwamba kituo kinachopata haloperidoli kinapata pia dawa ya kulegeza misuli, ingawa hiyo nayo isigawiwe kwa kila mtu bila sababu, maana hukausha mdomo, hufunga choo na huvuruga kumbukumbu. Kila kliniki ya akili iwe na mizani inayofanya kazi. Na wahudumu wapeleke taarifa za madhara kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwani dhara lisiloandikwa popote litampata na mgonjwa wa kesho.

Nawe unayeuguza, unapokwenda kuchukua dawa mwezi huu, usiondoke dirishani mpaka umejibiwa maswali matatu. Dawa hii inaweza kumfanya nini? Dalili ipi niivumilie, na ipi inilete hapa usiku? Nimpigie nani? Kama mhudumu hana majibu, mwombe akuitie mwenye nayo. Hayo ni sehemu ya tiba sawa na vidonge vilivyo mkononi mwako, na ni haki ya mgonjwa wako kuyapata.