MAONI: Pesa ya mzee isiishie kwenye vidonge vya kumbukumbu



Kuna familia kambini zinazouza sehemu ya mgao wa chakula ili kumnunulia mzee anayesahau vidonge vya "kuamsha akili", Kamembe au ng'ambo kule Bukavu. Nia yao ni nzuri. Mzee ndiye anayejua majina ya ukoo, mipaka ya shamba na habari za nyumbani, na karatasi nyingi zilibaki njiani. Lakini kwa maoni yangu pesa hiyo inapotea, na pamoja nayo unapotea muda wa kumtibu.

Vidonge vinavyotajwa sana ni viwili. Cha kwanza ni pirasetamu, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1964. Mpaka leo uchunguzi haujathibitisha kwamba inamsaidia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Tena dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, na mzee ambaye figo zake ni dhaifu anaweza kudhurika.

Cha pili ni ginko, inayotokana na majani ya mti wa Uchina. Huko Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walifuatiliwa kwa karibu miaka 6. Wengine walimeza ginko mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: ginko haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Nayo inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu, hasa kwa anayetumia aspirini.

Ipo dawa ya donepezili, ambayo daktari humwandikia mgonjwa wa Alzheimer. Huwasaidia baadhi kwa kiasi, lakini haiponyeshi wala haisimamishi ugonjwa. Si dawa ya kujinunulia.

Mtu atasema: "Mama alimeza vidonge, akapata nafuu." Huenda ni kweli alipata nafuu. Lakini mara nyingi wiki ileile alitibiwa malaria, au alianza kula vizuri na kulala. Sifa ikaenda kwa kidonge.

Tujiulize kwanza kwa nini mzee anasahau. Sababu nyingine zinatibika:

- Upungufu wa damu, au wa vitamini B12 kwa mtu asiyepata nyama, maziwa wala mayai.
- Huzuni nyingi ya kufiwa na kukimbia, ambayo humfanya mzee anyamaze na kusahau.
- Dawa za usingizi kama diazepamu, ambazo huchanganya akili ya wazee.
- Pombe.
- Masikio au macho mabovu: asiyesikia swali hawezi kulijibu.

Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, msisubiri. Inaweza kuwa malaria, homa ya mapafu, kuishiwa maji mwilini au kiharusi. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Na kinga? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri kutembea na kufanya mazoezi, kuacha tumbaku, na kutibu shinikizo la damu na kisukari. Vitamini B na E halikuzipendekeza kama kinga. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani inahusiana na mambo yanayoweza kubadilishwa, yakiwemo hayo.

Kwa hiyo mgao ubaki kwenye sufuria. Mzee apimwe shinikizo, atembee kidogo kila siku, akae na watu, asimulie wajukuu. Na asiitwe mchawi kwa sababu amesahau jina la mtoto wake.

Mkimleta kituoni, wekeni kwenye mfuko mmoja dawa zote anazomeza, hata za kienyeji, mmwonyeshe mhudumu. Huenda dawa inayomsahaulisha imo humo.