Kutoka Uwanja wa Entebbe kwa Teksi ya Abiria

Koplo mmoja wa polisi, akaaye na jamaa yake katika kambi ya Nsambya mjini Kampala, alikuwa na binti aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Miaka miwili ilipotimia, binti akapiga simu kuarifu kwamba angewasili Entebbe Alhamisi asubuhi. Siku ile ile mashauri yakaanza. Mjomba aliyeko Masaka akataka ikodiwe teksi nzima ya watu 14 ili ukoo wote ufike uwanjani na ngoma. Jirani akaongeza kwamba hapana budi liwepo na gari dogo, lipambwe maua, la kumpakia binti mwenyewe. Mama mtu akayakubali yote mawili. Gharama zingelipwa na msafiri akisha kushuka.

Desturi hiyo imekwisha kuingia katika nyumba nyingi za askari, na ni ajabu kwamba huitwa heshima. Mtu aliyefua na kupiga pasi nguo za wengine miaka miwili huanza kulipa madeni ya mapokezi yake kabla hajapewa hata kiti cha kukalia.

Koplo hakubishana na mtu. Alhamisi alivaa nguo za kiraia, akatoka peke yake saa 12 asubuhi, akapanda teksi ya abiria iendayo Entebbe. Mfukoni mwa shati alikuwa na noti ndogo ndogo za shilingi, kwa kuwa alijua binti angekuwa na fedha za kigeni tu, nazo si za kufunguliwa mbele ya watu.

Binti alipotokea na sanduku lake, alipiga magoti akamwamkia baba yake, kisha akatazama huku na huku.

"Baba, watu wetu wako wapi?"

"Wanatungoja nyumbani, mama. Twende."

Madereva wa magari ya kukodi waliwazunguka. Bei ya kufika Kampala, mwendo wa kilometa 40 hivi, hufikia shilingi 100,000 na kuzidi, na mgeni asiyejua kupatana hutozwa zaidi. Teksi za abiria hazipangi foleni mlangoni pa jengo la uwanja; kituo chake kiko Kitoro, kilometa chache kutoka hapo. Koplo akapatana na dereva mmoja awapeleke hadi Kitoro tu. Dereva alinung'unika, lakini alikwenda.

Pale Kitoro mambo ni mengine. Teksi nyeupe zenye miraba ya buluu huondoka zikijaa, na nauli hadi mjini haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ile ya gari la kukodi. Koplo hakumwuliza kondakta nauli. Aliwauliza kwanza wanawake wawili waliokuwa na vikapu vya samaki, ndipo akamwendea kondakta akiwa na jibu. Sanduku alilipatania kabla halijapakiwa, maana mzigo usiopatanwa chini huzaa ugomvi njiani. Binti akaketi upande wa ndani, mbali na dirisha, na simu yake ikaingia mkobani. Magari yakisimama katika msongamano, mkono wa mwizi hupita dirishani upesi kuliko jicho.

Walipita Abayita Ababiri, Kisubi na Kajjansi. Barabara mpya ya kasi, iliyofunguliwa mwaka 2018 na kutozwa ushuru tangu Januari 2022, ni njema kwa mwenye haraka. Teksi ya abiria hushika barabara ya zamani kwa kuwa ndiko waliko abiria. Kwa hiyo walisimama mara nyingi. Zana wakakwama, Namasuba wakakwama tena. Binti hakulalamika. Alikuwa akisikiliza watu wakibishana juu ya bei ya ndizi, akacheka mara mbili peke yake. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kumweleza baba yake kwa sauti ya chini mambo ya nyumba aliyoitumikia: mshahara uliocheleweshwa miezi mitatu, na usiku aliolala jikoni. Habari hizo hakupata kuzisema kwa simu, na haielekei angezisema ndani ya gari la maua, mjomba akipiga ngoma.

Wakashuka Mnara wa Saa, wakatembea, koplo akiwa na sanduku begani.

Mama alikuwa mlangoni, amevaa gomesi yake ya sikukuu. Alitazama nyuma yao barabarani.

"Motokaa iko wapi?"

Binti akapiga magoti, akatoa bahasha iliyofungwa kwa uzi, akaiweka mikononi mwa mama yake. Ilikuwa karo ya mdogo wake ya mwaka mzima, haijapunguzwa hata shilingi. Mama aliishika kitambo bila kuifungua. Kisha akamwita mtoto alete maji ya kuoga, akampigia simu kaka yake wa Masaka, akamwambia aje Jumapili, kwa basi.